Kiwanja cha bure mlimani? Rudisha kesho asubuhi

Mkuu, acha kwanza. Umeuliza ukumbi wa kituo cha wazee wa mtaa uwe wa watu wangapi, viti gani vinafaa, na kama kiwanja cha bure mlichopewa kule juu kitatosha. Viti baadaye. Hicho kiwanja rudisheni.

Sisi tulipojenga kituo chetu cha wazee, tuliponzwa na kijana wa ramani. Alichora duara la mita 500 kukizunguka, akatamka "nyumba zote zimo". Zimo, kwa kunguru! Hapa Mwanza nyumba zimekaa juu ya mawe. Mita 500 za kwenye karatasi zinaweza kuwa 900 za miguu: unazunguka jabali, unashuka ngazi zisizo na pa kushika, unavuka mtaro kwa ubao mmoja. Mzee kwenye tambarare anakwenda kama mita 0.8 kwa sekunde, yaani mita 400 ni dakika nane na ushee, bila kupumzika. Mlimani hesabu hiyo isahau. Na msidhani kupanda ndiyo kazi, kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Leo jengo letu lina mahudhurio mazuri sana, ya mbuzi.

Pima kwa miguu ya mzee, basi. Mtafute bibi mwenye mkongojo, siyo mjumbe anayecheza mpira Jumapili. Anzeni mlangoni kwake saa nne, jua limeshawaka, uwe na chaki mkononi. Kila anaposimama kuvuta pumzi, chora mstari. Ikifika mistari mitatu na kituo bado hakionekani, hapo hapafai. Pimeni na kurudi. Rudieni baada ya mvua, maana ule ubao wa mtaroni huondoka na maji. Fanyeni hivyo kutoka kila upande wa mtaa, siyo upande wa mwenyekiti tu.

Mtajikuta chini, jirani na zahanati, soko, msikiti au kanisa, mahali wanakokwenda tayari. Hata chumba cha kupanga kinashinda ukumbi wa mlimani. Bajaji ifike mlangoni, na asiwepo anayelazimika kuvuka barabara kuu. Mlango ukiwa juu ya ardhi sentimita 30, mteremko wa kuingilia uwe na urefu wa mita 3.6, na bomba la kushika. Fundi atakwambia mita moja inatosha. Mpandishe yeye na kiti cha magurudumu.

Viti? Vyenye mikono. Ukubwa wa ukumbi tuongee ukishaniletea picha za ile mistari ya chaki.