Usiulize kama damu imekatwa: kwa anayetaka kununua gemu la Berserk

Kila likitangazwa gemu linalotokana na manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya watu wazima, mashabiki huanza na swali lilelile: damu itakuwepo, au wataikata? Mimi ni msomaji wa Berserk wa siku nyingi, na nakushauri swali hilo uliweke kando. Uliza gemu litakutuma ufanye nini kwa mikono yako.

Tazama Berserk and the Band of the Hawk, lililotengenezwa na Omega Force, studio ya kampuni ya Koei Tecmo, na kutolewa Japani mwaka 2016, kisha kwingineko 2017. Damu imo, tena ya kutosha. Unazungusha lile panga kubwa la Guts, mhusika mkuu, na maadui wanarushwa kwa makundi, na kusema kweli inaburudisha. Tatizo linaanza hadithi inapofika kwenye Kupatwa kwa Jua (Eclipse), tukio la kutisha kuliko yote katika manga.

Aliyesoma manga hiyo ya Kentaro Miura anajua uzito wa sura zile. Griffith, kiongozi wa mamluki wa Kikosi cha Kipanga, anawatoa kafara wenzake, Casca, mwanamke mpiganaji wa kikosi hicho, anabakwa, na Guts, aliyekwisha kupoteza mkono, anakandamizwa chini akitazama. Kinachomuumiza msomaji pale ni kwamba Guts hawezi kufanya lolote. Sasa gemu la kufyeka maelfu litakuonyeshaje kutoweza, wakati kila kitufe unachobonyeza kinaua watu kumi? Haliwezi. Tena likaongeza sehemu ya pembeni iitwayo Endless Eclipse, ambako unashuka ngazi baada ya ngazi ukipigana na kuvuna zawadi. Tukio lililomtoa Casca akili limegeuzwa kiwanja cha mazoezi. Hata Wyald, kiongozi wa genge la waporaji na wabakaji, unaruhusiwa kumchagua na kumchezesha kama mhusika mwingine yeyote.

Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu Miura hakulipita jambo hilo juu juu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 ya uchapishaji kabla ya Casca kurudiwa na akili zake, katika juzuu ya 40, mwaka 2018. Na aliporudiwa bado hakuweza kumtazama Guts bila hofu ya siku ile kumvamia upya. Wapo wasomaji waliopitia ukatili wa namna hiyo katika maisha yao, na uvumilivu huo wa mwandishi una maana kubwa kwao.

Msinielewe kwamba gemu haliwezi kabisa. Sword of the Berserk, lililotoka kwenye mashine ya michezo ya Dreamcast mwaka 1999, lilikuwa fupi na kamera yake ilisumbua, lakini ukiingia kwenye njia nyembamba upanga wa Guts uligonga ukuta. Ukajua umebeba chuma kizito, na kwamba nguvu zake zina mipaka. Hata Dark Souls la 2011, ambalo halina jina la Berserk popote, limeshika ule upweke wa manga kuliko lile la Omega Force.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, achana na trela. Tafuta video ya mtu anayecheza bila kukatakata, uende moja kwa moja kwenye tukio lililokuuma zaidi ulipolisoma. Angalia mchezaji anafanya nini dakika ile: anapewa pointi? Anaweza kuruka eneo lote na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Kama hujaisoma manga, isome kwanza hadi juzuu ya 14, maana gemu lile linasimulia mengi kwa vipande vya zile filamu tatu za 2012 na 2013, na mgeni atabaki hajui Judeau ni nani wala kwa nini kifo chake kinaliza watu.

Na wewe unayemnunulia mdogo wako: alama ya miaka 17 iliyobandikwa kwenye kasha itii, ila usidhani inakwambia kila kitu. Inakuarifu kuna ukatili ndani. Namna ukatili huo unavyochukuliwa, utalazimika kuiangalia mwenyewe.

Miura alifariki Mei 2021, na manga inaendelea chini ya usimamizi wa rafiki yake Kouji Mori. Likitangazwa gemu jingine, mimi nitatazama kwanza wamempa Casca nafasi gani, ndipo niamue kama nanunua.