Re: Nikimaliza botania nitapata kazi ya okidi huku Malindi?

Dadangu, umeuliza kama digrii ya botania itakupa kazi ya kulinda okidi (jamii ya mimea ya maua), na kama uanze kwa kuzitoa msitu wa Arabuko-Sokoke uzipande nyumbani. La kwanza linawezekana, la pili tafadhali usifanye kabisa. Ile okidi ya chui, Ansellia africana, inapungua haswa kwa sababu watu wanaing'oa mitini wakauze, na okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Halafu mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, porini haioti mpaka kuvu fulani iilishe, sasa wewe ukihamisha mmea bila kuelewa mti wake na kuvu yake si utaupoteza tu. Mimi ningekazana hapo, ujifunze kuotesha mbegu maabara kwenye jeli yenye sukari na madini, hiyo ujuzi wanao wachache. Omba atachimenti hebaria, pale wanapohifadhi mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa kule Nairobi. Likizo ingia msituni na wale vijana wa Gede wanaotembeza wageni, wanajua miti kwa Kigiriama, wasikilize sana. Na ukiposti picha usitaje mahali ulipoiona, wezi nao wanasoma.