Akiba ya bodaboda ihesabiwe jioni

SWALI: Tunatengeneza programu ya simu kwa madereva wa bodaboda wanaosambaza chakula na vifurushi Dar es Salaam. Kwenye kipengele cha akiba dereva anajiwekea lengo la mwezi, nasi tunamkumbusha kila asubuhi. Wengi wanakiacha ndani ya wiki mbili. Tumekosea wapi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Kwenye mwezi, na kwenye asubuhi. Dereva anayepeleka hesabu, yaani fedha ya kila siku, kwa tajiri mwenye pikipiki anaishi kwa siku, na asubuhi mfukoni ana hela ya mafuta tu. Muulizeni akifunga kazi, mambo mawili: amepata ngapi, ametembea kilomita ngapi. Hesabu, bando na chakula aviandike mara moja tu, siku ya kujisajili.

Tuseme amepata 32,000. Toa petroli 9,000, hesabu 10,000, chakula 4,000, bando 1,000. Zinabaki 8,000, na hapa ndipo programu nyingi hukosea kwa kuziita faida. Chombo, yaani pikipiki yenyewe, nacho kinadai. Oili ya 12,000 kila kilomita 1,500 ni shilingi 8 kwa kilomita. Tairi la nyuma la 60,000 likidumu kilomita 12,000 ni 5. Cheni na spoketi za 45,000 kwa kilomita 15,000 ni 3. Jumla 16. Kwa kilomita 120 za siku hiyo, 1,920 ni za chombo. Asilimia 20 ya 6,080 zilizobaki ni kama 1,200, na hiyo ndiyo akiba. Bei hizi ni za mfano, kila dereva aweke zake. Siku ambayo hakikubaki kitu, masika yakifunga barabara kwa mfano, programu ikae kimya. Ujumbe wa "umekosa lengo" ndio unaomfanya aifute.

Msikadirie mapato kwa kusoma salio la simu. Mteja akilipia mzigo mlangoni, humo mna, tuseme, 45,000 za duka, na ya dereva ni 3,000 tu ya kufikisha. Mkikata akiba hapo, jioni atapungukiwa fedha ya watu.

SWALI: Akitoa akiba kabla ya muda, tumkate kidogo?

JIBU: Msimkate. Gawanyeni mifuko miwili, Chombo na Nyumbani. Wa Chombo ufunguke papo hapo: mwenye pancha Mbagala saa nane mchana, oda ikiwa mgongoni, hawezi kusubiri hadi kesho. Wa Nyumbani dereva mwenyewe achague siku ya kuufungua, kama siku ya kodi au ada. Uhamisho ufanyike mara moja kwa wiki, maana kutuma 1,200 kila siku kunaliwa na makato. Fedha zenyewe zikae kwa benki au mtandao wa simu wenye leseni ya Benki Kuu, kama inavyotaka Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, wala zisiingie kwenye akaunti ya kampuni yenu hata kwa usiku mmoja.