Kabla ya kudai punguzo, shika funguo zako

Mara ya kwanza nilipokaa mezani na kampuni iliyokuwa ikituendeshea mifumo ya kompyuta, nilikwenda na hasira tupu. Seva, yaani kompyuta kuu ya mifumo hiyo, ilikuwa imelala kwa muda wa saa 6 siku ya mishahara, nami nikadai punguzo. Meneja wao akanisikiliza kwa upole, akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele: mfumo utapatikana asilimia 99 ya muda wa kila mwezi. Nikapiga hesabu palepale. Asilimia 1 ya siku 30 ni saa 7 na dakika 12. Hawakuwa wamevunja chochote. Na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa ni yangu.

Nikasema basi tunaondoka. Hapo nikaonyeshwa kipengele kingine: mkataba hujihuisha wenyewe kwa mwaka mzima usipotoa notisi siku 90 kabla. Zilikuwa zimebaki 60.

Mwaka huo niliutumia kujiandaa. Nilifungua daftari la hitilafu: saa tuliyoripoti, saa waliyojibu, saa tatizo lilipokwisha. Usichanganye hayo mawili ya mwisho. Mikataba mingi hupima muda wa kujibu tu, na ile barua pepe ya "tumepokea ombi lako" inayojituma yenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa jibu!

Kisha nikatafuta funguo zetu ziko wapi. Kikoa cha tovuti, yaani anwani yake ya mtandaoni, kilisajiliwa kwa jina lao. Nenosiri la msimamizi mkuu walikuwa nalo wao peke yao. Nakala rudufu za data zetu zilikuwepo, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha. Vitu hivi viombe wakati wa amani. Ukiviomba katikati ya ugomvi, kila mtu anakuwa likizo.

Kikao cha pili nilianza kwa kuwauliza wao wanakerwa na nini. Walikuwa na mengi. Watu wetu walikuwa wakiwapigia mafundi wao simu moja kwa moja kuomba mabadiliko, kisha idhini yetu ya maandishi inachukua wiki 3. Kweli tupu, sikuwa na la kujitetea. Tukateua mtu mmoja wa kupeleka maombi. Wao wakakubali asilimia 99.9, yaani kama dakika 43 tu za kukatika kwa mwezi, na wakizidisha hapo, ankara yetu inapungua. Wakakubali pia kupimwa kwa muda wa kutatua, notisi ya siku 30, na wajibu wa kutukabidhi kila kitu siku tukiachana.

Bei yenyewe haikushuka, na sikuigusa. Mtoa huduma aliyebanwa mpaka hapati faida hakwambii. Anawahamishia wengine mafundi wake wazuri, wewe unaachiwa wanaojifunza.

Kikoa kilihamia jina letu wiki iliyofuata. Nenosiri lilichelewa zaidi. Lilipofika, fundi wetu alijaribu kuingia nalo mara mbili mbele yangu ndipo tukafunga bahasha na kuiweka kabatini.