Kabla ya kuita watalii, kaeni kwanza kikao cha ukoo

Kila mgeni anayefika Mikindani, mji wetu mkongwe wa pwani ya kusini mwa Tanzania, huniuliza: "Nyumba nzuri hivi, mbona zimeachwa?"

Jibu refu ni bandari. Huu ulikuwa mji wa majahazi. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alishukia ghuba hii mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho bara, na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakataka bandari yenye kina kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakaijenga Mtwara, hapo jirani tu. Biashara ikahamia huko.

Jibu fupi ni warithi. Nyumba ya babu yetu ina warithi kumi na wanne, na mmoja yuko Muscat. Mimi na dada yangu tulianza kuikarabati kwa maneno ya mdomo tu. Mgeni wa kwanza alipolipa, zikaanza simu za watu ambao sikuwasikia tangu matanga. Mwaka mzima mlango ulikaa na kufuli. Kwa hiyo, ukiwa na nyumba ya mirathi, andikishaneni mapema nani anatoa fedha za paa, nani anasimamia, na mapato yanagawanywaje. Mashahidi wawepo. Aibu ya kuandikishana na ndugu inapita, kesi haipiti.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu: saruji. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mimi nikapiga lipu ya saruji, nikaona nimemaliza. Masika mawili tu, lipu ikavimba na kubanduka vipande vikubwa, nyuma yake chumvi nyeupe kama unga. Fundi mmoja mzee akaja, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Mwanangu, umeuziba pua."

Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa inaruhusu, saruji inayafungia ndani. Tafuta chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, na usiwe na haraka: inapigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke polepole.

Kuhusu watalii wenyewe sina mengi. Lile boma lilikarabatiwa na shirika la Trade Aid la Uingereza, likawa hoteli, na limesimama kwa sababu lina kazi ya kufanya. Sioni haja ya kugeuza kila nyumba makumbusho. Wageni wangu hufurahia zaidi kukaa barazani jioni, kahawa mkononi, watoto wa jirani wakicheza uchochoroni, kuliko maelezo yangu marefu ya historia (nayo huwa marefu kweli).

Chumba kimoja bado hatujakibandua saruji, fedha ziliisha. Nikiwa na mgeni namwambia aweke kiganja kwenye ukuta wa chokaa, kisha kwenye ule wa saruji. Hujifuta mkono kwenye suruali bila kuambiwa.