Kutaka ujaji wa shirikisho Marekani: anza kuandaa faili lako mapema

Kenya njia ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu inaonekana kwa macho: Tume ya Huduma za Mahakama inatangaza nafasi, unaomba, unahojiwa hadharani kamera zikiwaka, kisha jina linapelekwa kwa Rais. Marekani, kwenye mahakama za wilaya za shirikisho, hakuna tume ya namna hiyo. Katiba inasema tu kwamba Rais atateua kwa ushauri na idhini ya Seneti. Haijataja umri, wala shahada ya sheria, wala miaka ya uwakili. Pengo hilo limejazwa na mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayokwamisha mawakili wazuri, kwa sababu wengi wanakuja kuyajua wakiwa wamechelewa miaka kumi.

Wapo vijana wetu waliokulia huko ambao sasa wana leseni ya uwakili na wanaitamani kazi hii. Tunawaandikia wao, na wazazi wao wanaouliza kwa nini mtoto aliyefaulu hivyo bado "hajaomba ujaji".

Kwanza ujue ni kazi gani. Mahakama za wilaya ziko 94 na viti vya majaji ni zaidi ya 670. Hapa ndipo mashahidi wanaposimama na ushahidi unapopimwa; mahakama za rufaa zinasoma makaratasi. Afrika Mashariki tuna mfano unaotuhusu. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alishtakiwa New York kwa mashambulizi ya mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998. Oktoba 2010, kesi ikiwa mlangoni, Jaji Lewis Kaplan alimkatalia mwendesha mashtaka shahidi wake mkubwa, Mtanzania ambaye angesema alimuuzia mshtakiwa baruti, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumbana Ghailani akiwa mikononi mwa CIA. Jopo la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, likamwachia kwenye mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Mwezi Januari 2011 Kaplan akamfunga maisha. Uamuzi kuhusu shahidi aliutoa jaji mmoja, peke yake, nchi nzima ikimtazama. Kaplan alipoteuliwa mwaka 1994 alitoka moja kwa moja kwenye uwakili binafsi. Ndiyo maana wanaopima wateule wanauliza kwanza: huyu amewahi kusimama mbele ya jopo?

Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, kwa miaka mingi kimepima wateule kwa madaraja matatu, kutoka "anafaa sana" hadi "hafai", na kwa kawaida kinataka angalau miaka 12 ya kazi ya sheria pamoja na uzoefu wa kweli wa mahakamani. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ilikikatia ushirikiano kiliokuwa nao na wateule. Usidhani kipimo kimekufa. Maseneta wanauliza swali lile lile, na wanauliza mbele ya kamera. Desemba 2017 Matthew Petersen, mteule wa mahakama ya Washington, alikiri mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti kwamba hajawahi kuendesha kesi hata moja hadi hukumu, ya jinai wala ya madai, kisha akashindwa kueleza maombi ya kawaida yanayoletwa kabla ya kesi kusikilizwa. Siku chache baadaye jina lake likaondolewa.

Kwa hiyo ukichagua ajira miaka kumi ya kwanza, angalia nani atakupa mahakama. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho au wa kaunti itakupa, na ya watetezi wa umma pia. Ketanji Brown Jackson, leo jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipitia huko kabla ya kuwa jaji wa wilaya. Kampuni kubwa za mawakili zinalipa vizuri lakini kesi zao nyingi zinaishia kwenye suluhu, na mtu anafika mwaka wa kumi hajawahi kumhoji shahidi wa upande wa pili. Ukiwa huko, jiandikishe kwenye orodha ya mawakili wanaoteuliwa kutetea washtakiwa wasio na uwezo, au chukua bila malipo kesi za wafungwa wanaodai haki zao za kiraia. Mahakama nyingi za wilaya zinatafuta mawakili wa kesi hizo, na majaji wanawakumbuka waliozifanya kwa uangalifu.

Ipo pia njia ambayo watu wetu hawaitazami vya kutosha: ujaji msaidizi wa shirikisho, unaoitwa magistreti. Huyu anateuliwa na majaji wa wilaya wenyewe kwa muhula wa miaka 8. Nafasi inatangazwa, jopo la raia na mawakili linachuja waombaji, na sharti ni uwe umeshika leseni miaka isiyopungua 5. Anashughulikia dhamana, hati za upekuzi, mivutano ya nyaraka, hata kesi nzima za madai pande zote zikikubali. Magistreti wengi wamepanda baadaye kuwa majaji wa wilaya, tena wakiwa na rekodi ya maamuzi inayosomeka.

Sasa siasa. Rais ndiye anayetaja jina, lakini kwa kiti cha wilaya maseneta wawili wa jimbo ndio wenye ufunguo. Tangu mwaka 1917 Kamati ya Sheria ya Seneti imekuwa ikiwatumia karatasi ya buluu kuuliza maoni yao. Asiyeirudisha amemzuia mteule, na kwa viti vya wilaya mazoea hayo bado yanaheshimiwa. Maseneta wengi wana kamati zao za uchujaji zenye fomu na tarehe za mwisho. Anza hapo. Andikia ofisi ya seneta jimboni, si ile ya Washington, uulize kama kuna kamati na nani yumo. Chama si kila kitu: Sonia Sotomayor, leo naye jaji wa Mahakama ya Juu, alipendekezwa kwa kiti cha wilaya na seneta wa Democratic wa New York, Daniel Patrick Moynihan, akateuliwa na Rais wa Republican, George H. W. Bush, mwaka 1991, akathibitishwa Agosti 1992 akiwa na miaka 38.

Penye kuumiza kichwa hasa ni kwenye dodoso la kamati ya Seneti. Ni la wazi, litafute usome leo hata kama una miaka 27. Linataka kila kazi uliyofanya tangu chuo. Kila makala, barua kwa mhariri na chapisho la mtandaoni. Kila hotuba na kila mjadala uliokaa mezani, pamoja na tarehe, mahali, aliyekualika, na maandishi au rekodi kama ipo. Kila mahojiano uliyotoa kwa chombo cha habari. Linataka asilimia ya kesi zako za shirikisho na za majimbo, za jinai na za madai. Ni ngapi zilifika hukumu, ngapi mbele ya jopo, na kwa kila moja ulikuwa peke yako, kiongozi au msaidizi. Halafu linataka kesi kumi nzito kuliko zote ulizoendesha wewe mwenyewe: mahakama, jaji, miaka, ulichofanya, na majina na simu za mawakili wa upande wa pili.

Hao wa upande wa pili watapigiwa. Wakili uliyemfokea kwenye korido mwaka wa tatu wa kazi anaweza kuulizwa habari zako mwaka wa kumi na nane. Huwezi kuuandaa ushahidi huo usiku mmoja. Unaujenga kwa namna unavyorudisha simu na kutimiza neno lako kwa mpinzani.

Fungua jedwali moja, lipe safu hizo hizo za dodoso, na ulijaze kila kesi inapofungwa. Hotuba uliyotoa kwenye harambee ya jumuiya ya Wakenya au kwenye sherehe ya Watanzania wa Houston nayo inahesabika. Video ikiwa YouTube, weka kiungo, na kama uliongea Kiswahili andaa tafsiri. Kinachoharibu mara nyingi si maneno yenyewe, ni kuyasahau. Wafanyakazi wa seneta wakiipata hotuba ambayo hukuitaja, swali litahamia kwenye uaminifu wako.

Sambamba na dodoso kuna kupigwa msasa na FBI kwa fomu ya SF-86, na hapa sisi tuna mzigo ambao wenzetu wengi hawana. Inauliza makazi yako ya miaka 10, ndugu wasio raia, safari za nje, mali za nje, na kama umewahi kumpa msaada wa fedha mtu asiye raia wa Marekani. Kiwanja cha Kigamboni au Kitengela kinaandikwa, hata kama hati ina jina la kaka yako lakini fedha ni zako. Ada uliyomlipia mpwa inaandikwa. Hakuna kati ya hayo kinachokufukuza. Kinachofukuza ni kuficha. Tunza risiti za kutuma fedha kwa majina na miaka. Na kama akaunti zako za benki za nyumbani zikijumlishwa zilivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa maalumu ya FBAR ya kupeleka Wizara ya Fedha, mbali na kodi ya kawaida. Mtu akigundua hakuipeleka, aende kwa mtaalamu wa kodi arekebishe sasa, asisubiri mpelelezi amkumbushe. Angalia pia kodi ya mlezi wa watoto uliyemlipa taslimu.

Kikao cha kamati chenyewe kwa wateule wa wilaya ni kifupi, mara nyingi wanakaa watatu au wanne kwenye meza moja. Rudia Katiba ibara kwa ibara na kanuni za ushahidi, kwa sababu kuna maseneta wanaouliza kama mtihani wa mdomo. Baada ya hapo yanakuja maswali ya maandishi, nayo yanaweza kuwa mengi kuliko ulivyotazamia. Yajibu mwenyewe. Majibu yaliyonakiliwa kutoka kwa mteule mwingine yanaonekana.

Kura siku hizi inahitaji wingi wa kawaida tu tangu Novemba 2013, na tangu Aprili 2019 mjadala unaobaki kuhusu mteule wa wilaya, baada ya Seneti kupiga kura ya kuufunga, umepunguzwa kutoka saa 30 hadi saa 2. Hatari kubwa zaidi ni kalenda. Bunge la Congress likimaliza muda wake, majina yasiyopigiwa kura yanarudi kwa Rais. Jackson aliteuliwa Septemba 2012, jina likarudishwa mwanzoni mwa Januari 2013, likapelekwa upya, akathibitishwa Machi. Alibahatika kwa kuwa Rais alikuwa yule yule. Ukiwa wakili binafsi, miezi hiyo ni migumu: huwezi kuchukua kesi ndefu mpya na wateja wanaanza kukuacha. Weka akiba ya mwaka mzima ya matumizi ya nyumbani.

Mshahara wa jaji wa wilaya mwaka 2025 ulikuwa dola 247,400, na Katiba inakataza kuupunguza akiwa kazini. Kwa mshirika wa kampuni kubwa huko ni kushuka sana kwa kipato. Kwa mtetezi wa umma ni kupanda. Hisa moja tu ya kampuni iliyo na kesi mbele yako inakutoa kwenye kesi hiyo, kwa hiyo wengi wanauza hisa moja moja na kubaki na mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Tangu sheria ya 2022, mauzo ya hisa yanayozidi dola 1,000 yanatangazwa ndani ya siku 45.

Na usiandike barua ya kuacha kazi siku Seneti inapopiga kura. Kura ni idhini tu. Unakuwa jaji Rais akishatia saini hati ya uteuzi nawe ukaapa, na kati ya kura na kiapo zinaweza kupita wiki kadhaa. Panga tarehe ya kiapo na jaji mkuu wa wilaya yako kwanza, kisha rudi ofisini ukakabidhi mafaili ya wateja, moja moja, kwa maandishi.