Mahindi kubunguliwa ghalani
Kama yanabunguliwa licha ya dawa, hamia mifuko isiyopitisha hewa (mifuko ya plastiki ndani ya gunia), ila kwanza hakikisha yamekauka. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani juu ya turubai. Ukiyafunga na unyevu yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupika.

Peta takataka, jaza, kamua hewa yote, sokota mdomo wa kila mfuko wa ndani peke yake, ukunje, ufunge kwa kamba. Usifungue mwezi mzima. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje, hufa kwa kukosa hewa. Panya ndiye mharibifu hapa: tundu moja tu, hewa imerudi. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta.